Saa Iliyolala Kivukoni

Fundi saa huwatazama watu mikono kabla ya nyuso. Si adabu, najua, lakini ni mazoea yaliyoniingia tangu mwaka 1990 nilipokaa kwa mara ya kwanza kwenye meza ya marehemu baba, chini ya roshani ya nyumba moja kongwe karibu na Ndia Kuu, hapa Mombasa, na sasa siwezi tena kuyaacha. Ndiyo maana mchana mmoja wa mwezi wa Juni mwaka 2022, nikiwa nimebanwa ndani ya feri ya Likoni baina ya mkokoteni wa madumu ya maji na mama aliyebeba kuku wawili, nilichokiona kwanza hakikuwa yule mwanamke mwenyewe bali saa iliyokuwa ikining'inia mkononi mwake.

Ilikuwa Seiko 5 ya kiume, ya chuma, kubwa mno kwa mkono wake, nayo imesimama saa tisa na dakika kumi na mbili ilhali adhana ya adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Kabla hatujafika katikati ya maji nilikuwa nimeona mambo mawili zaidi. La kwanza ni kwamba kile kidirisha cha siku kilikuwa na maandishi ya Kiarabu, yaani saa ile ilitengenezwa iuzwe katika nchi za Waarabu, na kwa saa ya umri ule hapa kwetu hilo huwa na maana kwamba mnunuzi alikuwa baharia, au alikwenda kuhiji, au alipata kazi Ghuba. La pili ni kwamba upande mmoja wa mkanda haukushikwa na pini yake ya asili. Ulishikwa na kipande cha sindano kilichokatwa kwa kipimo, ncha zake zikasuguliwa mpaka zikawa butu ili zisichane nguo wala ngozi. Fundi saa hafanyi hivyo, kwa kuwa pini anazo kwenye kikopo. Aliyeitengeneza ile alikuwa mtu wa nguo, na alikuwa na subira.

"Dada, saa yako imelala," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akaifunika kwa kiganja kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye buibui lake. "Najua, kaka. Ina miaka imelala. Naivaa tu, ilikuwa ya baba."

Kwa kawaida mazungumzo ya feri huishia hapo. Watu husema neno moja la heshima, kisha kila mtu hurudi kwenye mawazo yake na kuuangalia mlango wa chuma uliopo mbele, akisubiri uteremke. Sijui kwa nini siku hiyo nilimwuliza swali jingine. Labda ni ile sindano.

"Baba alikuwa baharia?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe umejuaje?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mlango ulikwisha kugusa nchi kavu, umati ukaanza kupanda ule mwinuko, na katika Likoni mtu akisimama kuzungumza wakati huo hubebwa na watu apende asipende. Nilimwambia kwa sauti ya juu mahali nilipo na meza yangu, nikamwambia ailete niitazame, naye akaitikia kwa kichwa. Hatukubadilishana majina wala namba za simu. Niliporudi kazini nilikuwa nimekwisha kumsahau.

Watu niliowasimulia habari hii baadaye waliniambia kwamba ni ajabu ya Mungu. Sipingani nao, lakini naomba nieleze ninavyoona mimi. Mombasa ni kisiwa, na kisiwa kina milango ya kuhesabika. Anayetoka bara ya kaskazini hupita daraja la Nyali, lile la sasa lililojengwa mwaka 1980, kama vile wazee wake walivyopita lile la kwanza lililokuwa likielea juu ya maji tangu mwaka 1931. Anayekwenda Changamwe na safari za Nairobi hupita Makupa. Anayetoka kusini hupita Likoni, na ingawa mwaka 2021 lilianza kutumika daraja la kuelea la watembea kwa miguu pale Liwatoni, mazoea ya watu wengi yamebaki kuwa feri. Mji mzima, basi, ni kama nyumba ya watu wengi yenye milango mitatu minne: hamwezi kuishi humo miaka hamsini msipigane vikumbo. Baba yangu alikaa kwenye ile meza zaidi ya miaka thelathini, karibu na bandari ya kale na njia ya kwenda Marikiti, katika enzi ambazo mtu mwenye mshahara alikuwa na saa na mtu mwenye saa alikuwa na fundi. Hesabu mikono iliyopita mbele yake. Si ajabu hata kidogo kwamba mmoja kati yake ulinipita na mimi.

Binti yangu, ambaye anasoma takwimu chuo kikuu, aliniongezea kwa hesabu zake. Aliniambia kwamba ukiwakusanya watu 23 tu katika chumba kimoja, uwezekano wa kuwapata wawili waliozaliwa tarehe moja ya mwaka unazidi nusu, jambo ambalo sikulikubali mpaka alipolikokotoa mbele yangu kwa kalamu. Kwa matatu ya abiria 14, uwezekano haufiki hata robo. Akanieleza pia habari za mtaalamu mmoja wa Marekani, Stanley Milgram, aliyefanya jaribio katika miaka ya 1960: watu, wengi wao wa jimbo la mbali la Nebraska, walipewa nyaraka wazifikishe kwa mtu mmoja wa upande wa Boston wasiyemjua, kwa sharti kwamba kila mmoja ampe mtu anayefahamiana naye, yule naye ampe mwingine. Zile zilizofika zilipita, kwa wastani, mikononi mwa watu watano tu na ushei. Ndipo uliposambaa ule usemi kwamba dunia ni ndogo.

Lakini kilichonishika mimi ni hesabu ya upande wa pili, ambayo watu hawaitaji sana. Katika nyaraka 296 zilizokusudiwa katika jaribio hilo, zilizofika zilikuwa 64. Nyingine zilikatikia njiani, na sehemu kubwa ya sababu ni nyepesi mno: kuna mtu aliyeipokea, akaiweka mezani, asijisumbue kuipeleka mbele. Uzi ulikuwepo, mshikaji aliuachia. Hilo linalingana na nilivyoona maishani. Wazee wetu hapa Mvita walikuwa hawamwachii mgeni kikombe cha kahawa kabla hawajamwuliza yeye ni wa nani, mamake ni wa mlango gani, mbari yake ni ipi, na ni taifa lipi katika yale Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Sisi vijana tulikuwa tukiona ni udadisi na tukikereka. Leo nina miaka hamsini, na naona walikuwa na kazi waliyoifanya, ambayo sisi tumeiacha na hatujaikabidhi kwa mtu mwingine.

Mimi mwenyewe nusura niuachie uzi. Yule mwanamke alikuja baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, akaikuta meza imefunikwa kitambaa kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuswali na baada ya swala nikapitia kwa kinyozi. Alisimama, akaangalia, akageuka aende zake. Muuza kahawa wa pale kibarazani, ambaye hamjui na hakuwa na faida yoyote ya kumzuia, ndiye aliyempigia kelele: "Dada, fundi yupo, keti unywe kahawa." Akamlazimisha na kashata juu. Nilipofika alikuwa amekwisha kunywa vikombe vitatu na anaambiwa habari za mguu wa muuza kahawa.

Saa ilihitaji kazi ya kawaida. Seiko 5 ya namna ile haitiwi ufunguo. Ndani mna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, na huko kuzunguka ndiko kunakokaza kamani. Mvaaji akilala saa huendelea kwa siku moja na zaidi, kisha nayo hulala. Hii ilikuwa imelala kwa sababu mafuta yake yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi, hata ukiitikisa haiendi. Nilisoma namba zilizochongwa mgongoni: tarakimu mbili za mwanzo zilikuwa 8 na 3, na katika saa hizo tarakimu ya kwanza ni ya mwaka na ya pili ni ya mwezi. Mwezi wa tatu, 1978 au 1988. Nikamwuliza baba yake alifariki lini, akasema mwaka 1990, akiwa yeye na miaka minane. Nikaufungua mgongo, nikauweka chini ya taa ili nione kama kutu imeingia.

Kwa ndani, chini ya ukingo, palikuwa na alama iliyochorwa kwa ncha ya chuma, ndogo kiasi cha punje ya mtama: alifu moja iliyopinda kama ndoano, na mbele yake namba, 1147/86.

Mafundi wengi huweka alama ndani ya saa wanazozitengeneza, ili saa ikirudi fundi ajue amekwisha kuigusa na lini. Alama ile ya alifu iliyopinda nimeiona katika saa nyingi, lakini hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona tangu mwaka 2003, mwaka tuliomzika aliyeichora. Niliivua lenzi jichoni, nikaipangusa, nikaivaa tena. Yule mwanamke akaniuliza kama saa imeharibika kabisa. Nikamwambia hapana, ila naomba aiache kwangu kwa siku kumi. Sikumwambia kitu kingine. Nilitaka kwanza nione daftari.

Baba alikuwa na madaftari saba ya jalada gumu, nami nimeyahifadhi katika sanduku la bati ingawa mke wangu hunikumbusha kila mwaka kwamba mende nao wameyahifadhi. Kila saa ina mstari wake: namba, tarehe, mwenye saa, ubovu, malipo, na mwisho aliyeichukua. Aliyaandika kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa rika lake, na mimi nayasoma polepole kwa kisomo nilichokipata chuoni utotoni. Namba 1147 niliipata baada ya Isha. Jina la mwenye saa lilikuwa lile alilonitajia binti yake, na kando yake "baharia, Mtongwe". Ubovu: maji. Malipo: shilingi arubaini. Na katika safu ya mwisho: "amechukua mkewe, Kuze".

Nilisita hapo. Mtongwe iko ng'ambo, kusini. Kuze ni huku kisiwani, mwendo wa dakika tano kutoka kwenye meza yangu. Tena maandishi ya namna ile hayana alama za irabu, na baina ya "mkewe" na "mkwewe" tofauti ni herufi moja tu, wau. Wau ikiwa moja, aliyeichukua ni mke wa mtu. Wau zikiwa mbili, ni mkwe wake, na hakuna habari. Niliutazama mstari ule kwa lenzi ileile ninayotazamia meno ya magurudumu, nikiomba doa la wino lililokuwa karibu na kafu liwe limefunika wau ya pili. Halikufunika kitu. Na hata kama lingefunika, baba alikuwa ameongeza chini yake, kwa mwandiko mdogo, jina la mtoto wa yule mama ili asikosee nyumba, kama tunavyomtambulisha mwanamke kwa mwanawe wa kwanza. Jina hilo nilikuwa nalijua. Tulikaa jamvi moja chuoni kwa miaka minne, tukapigwa kwa bakora moja, na hata leo tunakutana kila Ijumaa. Baba yake alikuwa baharia na alifariki tungali wavulana wa shule. Hilo nilikuwa nalijua pia. Kilichokuwa hakijanipitia akilini ni kwamba baharia huyo alikuwa na nyumba mbili, na maji katikati.

Hapa ndipo nilipokosea, na nalisema kwa sababu ndilo jambo nililojifunza kwa gharama. Saa ilikuwa ya yule dada. Aliyeniletea swali ni yeye. Ilinipasa nimngojee yeye, nimwonyeshe mstari, kisha yeye aamue kama anataka kujua zaidi au kufunga daftari. Badala yake nilikwenda kwa mwenzangu asubuhi iliyofuata, kwa kuwa ni rafiki, kwa kuwa yuko karibu, na, nikiwa mkweli, kwa kuwa nilikuwa na habari tamu mdomoni ikinichoma. Nilidhani atashangaa kisha afurahi. Aliendelea kupanga vyuma vyake vya pikipiki kwenye rafu, kimoja baada ya kingine, mpaka nilipomaliza, ndipo akasema bila ya kugeuka: "Baba yetu alikuwa na mke mmoja. Na hiyo saa ilipotea nyumbani kwetu. Kama iko kwako, kaa nayo, nitaijia."

Sikulala vizuri usiku huo. Nimewahi kukutana na watu kwa nasibu na kugundua mambo chungu nzima. Katika garimoshi la Nairobi niliwahi kuzungumza na mgeni kwa saa mbili nzima, tukaja kugundua kwamba sote wawili tunadaiwa na mkopeshaji mmoja, tukacheka mpaka Voi. Ugunduzi wa namna hiyo haumdhuru mtu. Huu wa sasa ulikuwa na mayatima ndani yake, na marehemu asiyeweza kujitetea, na mimi niliuingiza mkono kama anayeingiza kwenye mfuko wake mwenyewe.

Dada alipokuja siku ya kumi nilimkalisha, nikamwonyesha alama ya baba mgongoni mwa saa, nikamwonyesha daftari, nikamsomea mstari wote mpaka mwisho. Nilimwambia pia kwamba nimekwisha kumwambia mtu ambaye sikupaswa kumwambia kabla yake, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda. Alikuwa ameishika saa, ambayo sasa ilikuwa ikienda, na kidole chake kikipapasa ile sindano ambayo nilikuwa nimeiacha mahali pake kwa makusudi.

"Mama alikuwa akijua kuna Kuze," akasema. "Nyumba tu ndiyo hakuijua."

Kisha akanieleza, kwa vituo, kama mtu anayelipanga jambo huku akilisema. Mama yake alikuwa akivuka kwa feri ya Mtongwe kuleta mboga kisiwani, na baada ya kufiwa alikuwa na nia ya kuitafuta ile nyumba ya pili, kwa kuwa aliona si vyema watoto wa mtu mmoja wasijuane. Alikuwa akilisema hilo kila mwezi wa Ramadhani. Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, siku ambayo feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Mama yake hakuwemo kwa sababu aliamka na homa. Jirani zake wawili aliokuwa akivuka nao kila siku walikuwemo. Tangu siku hiyo hakuvuka tena, si kwa Mtongwe wala kwa Likoni, miaka kumi na sita mpaka alipoiaga dunia, na nia ile ikabaki ng'ambo pamoja naye. Sisi tuliokuwa kisiwani mwaka ule tunakumbuka tulivyosimama ufukweni. Sikupata kuwaza kwamba maji yale yalitenga pia watu ambao hawakuzama.

"Huyo mama yuko hai?" akaniuliza.

Yuko hai. Nilimwambia yuko hai, ni mzee, anakaa orofa ya kwanza, na mwanawe hataki habari hizi. Akasema yeye hakumwuliza mwanawe.

Sikukusudia kwenda naye, lakini mtu hawezi kumpeleka mgeni Kuze kwa kumwelekeza tu na kidole. Vichochoro vile vinageuka geuka. Tulikwenda baada ya alasiri. Nilipiga hodi, nikajitaja kwa jina la baba, tukakaribishwa. Bibi alikuwa ameketi kando ya dirisha, na pembeni yake palikuwa na cherehani ya mkono iliyofunikwa kwa leso. Nikaiona, na nikajua hata kabla hatujakaa. Dada alikwenda kumbusu mkono, na bibi alipoushika mkono wake hakuuachia. Alikuwa ameiona saa. Aliivuta karibu na uso wake, akaisogeza sikioni, akasikiliza. Kisha akaigeuza, akaupapasa mkanda mpaka kidole kikaifikia sindano.

"Hii ni yangu mimi," akasema. "Sindano namba kumi na sita. Mkanda ulikatika anataka kusafiri kesho yake, na fundi amefunga." Alinitazama kwa jicho la kunilaumu, kana kwamba aliyefunga ni mimi. "Nilikaa nayo usiku kucha, naisugua kwenye jiwe la kunolea kisu. Akaja akaniambia saa imepotea. Nikajua haikupotea. Saa ya baba wa watu haipotei, huwa iko mahali."

Hakuna aliyesema kitu. Dada alikuwa amekulia na saa ile akiamini kwamba sindano iliwekwa na baba yake mwenyewe huko baharini. Katika hadithi zao za Mtongwe ilikuwa sindano ya kushonea matanga. Alimwambia bibi hivyo, na bibi akacheka mpaka akashika kifua, akasema mume wake alikuwa hawezi kutunga hata uzi kwenye tundu, na tanga lenyewe alilijulia wapi, alikuwa mtu wa meli za mashine. Ndipo na dada naye akacheka. Waliendelea hivyo, mmoja anauliza alikuwa akipenda chakula gani, mwingine anajibu, yule anasema kwetu alikuwa hakigusi. Niliona kwamba mimi si mtu wa pale tena. Nilinyanyuka nikakaa karibu na mlango.

Mwenzangu alirudi kutoka dukani tukiwa bado tupo. Alitoa salamu, akaitikiwa, akamtazama mgeni mara moja na mama yake mara moja, akasema anakwenda kuwahi magharibi. Ilikuwa bado robo tatu ya saa, na msikiti uko mlango wa tatu. Hakurudi mpaka dada alipoondoka. Sikumlaumu. Mtu akikaa miaka arubaini katika nyumba yenye vyumba vinne, kisha akaambiwa kuna cha tano, hana wajibu wa kukipenda siku hiyohiyo.

Saa aliiacha pale. Alisema bibi akae nayo kidogo, yeye ameizoea imelala hata hivyo. Aliporudi ng'ambo nilimsindikiza mpaka kwenye matatu za feri, na safari hii tulibadilishana namba.

Wiki mbili zilipita nisimwone mwenzangu, hata Ijumaa. Kisha akaja asubuhi moja, kabla hata sijamaliza kupangusa meza, akaiweka ile Seiko mbele yangu bila ya salamu. Imesimama. Akasema kazi yangu mbovu, saa imekwenda siku mbili tatu tu mikononi mwa mama yake ikalala. Niliishika, nikaitikisa mara nne, nikaiweka sikioni kwake. Ilikuwa ikienda. Nikamweleza kuhusu kile kipande kizito cha ndani, nikamwambia haina ubovu wowote. Mama amekaa nayo dirishani, hatembei, na saa hii inataka mkono unaotembea.

Akaichukua. Aliigeuza akautazama mkanda, akaipapasa ile sindano kama walivyoipapasa wale wawili, kwa kidole kilekile cha shahada, akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Muuza kahawa alimletea kikombe, akakipokea, akakinywa kwa kusimama huku akiangalia upande wa barabara.

"Feri ya saa kumi," akasema mwishowe, yeye ambaye amezaliwa mji huu na hakuwahi kuniuliza habari za feri, "huwa imejaa sana?"